Mwanafunzi wa Lugha Ngeni: Kutoka Kongo mpaka Basotu

Mtu mzima aanzapo kujifunza lugha ngeni hukubali kurudi utotoni. Aliyekuwa msemaji wa baraza huwa mtu wa kutafuta jina la maji na jina la moto. Aliyezoea kusikilizwa huchekwa. Na jambo ambalo katika lugha yake angelisema kwa neno moja, hulisema kwa maneno matano, nayo hayatoshi. Unyonge huo si kila mtu aukubalio. Wenye nguvu aghalabu huukwepa, wakawaachia wengine. Vitabu vya historia hueleza nani alimshinda nani, nani alitoa kodi na nani aliipokea. Lakini ni mara chache vielezapo nani alijifunza lugha ya nani. Walakini swali hilo lafaa kuulizwa, kwa sababu mzigo wa kuanza lugha ya wengine haukugawiwa sawa baina ya watu, na mahali ulipoelemea upande mmoja tu, hasara yake haikuwa ya maneno peke yake.

Mfano mmoja wa karibu ni habari ya Kihispania katika Afrika ya Mashariki. Lugha hiyo haikuwa na makao huku. Wareno, ambao lugha yao ni ndugu ya Kihispania, walifika pwani mwaka 1498, wakaacha katika Kiswahili maneno kama meza, bendera na mvinyo. Kihispania chenyewe kilikuja baadaye sana, tena kwa njia ya siasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 chama cha Zanzibar Nationalist Party kilikuwa na ofisi katika mji wa Havana, na miongoni mwa vijana waliotumikia huko alikuwamo Salim Ahmed Salim, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Vijana wengine wa Unguja walikwenda Cuba kwa mafunzo katika miaka hiyo hiyo, wakarudi na maneno ya Kihispania vinywani mwao.

Mwezi wa Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alifika Dar es Salaam kwa siri, akaenda Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika na kuingia mashariki ya Kongo ili kuwasaidia waasi wa nchi ile. Wacuba waliokuwa pamoja naye, ambao hatimaye walizidi 100, walipewa majina ya siri, na majina ya kwanza yalichukuliwa katika hesabu ya Kiswahili. Víctor Dreke aliitwa Moja; José María Martínez Tamayo aliitwa Mbili; na Guevara mwenyewe, ambaye alikuwa mkubwa wao, aliitwa Tatu. Basi somo lao la kwanza la Kiswahili lilikuwa ni majina yao wenyewe. Kijana mmoja wa Kikongo, Freddy Ilanga, mwenye umri wa miaka 16, aliwekwa karibu na Tatu ili amfundishe Kiswahili na kumfasiria maneno ya watu.

Kwa muda mfupi, basi, cheo kiligeuka: mtu mashuhuri akawa mwanafunzi, na kijana asiyejulikana akawa mwalimu. Lakini hali hiyo haikukamilika. Guevara alikijua Kifaransa, na viongozi wa waasi walikijua pia. Mazungumzo makubwa yakapita katika lugha hiyo. Mwezi wa Novemba 1965 mambo yaliharibika, Wacuba wakaondoka. Guevara alirudi Dar es Salaam, akajificha katika ubalozi wa Cuba, akaandika habari za kushindwa kwake. Katika kurasa za mwisho alijihesabia makosa yake, na moja katika hayo lilikuwa kwamba hakujifunza Kiswahili upesi wala kwa bidii iliyotosha. Sababu aliyoitoa ni Kifaransa: kilimfikisha kwa viongozi, kikamtenga na askari wa kawaida. Ungamo hilo lina thamani kwa mwanachuoni wa historia. Linaonyesha kwamba lugha ya wakubwa yaweza kumfungulia mgeni mlango wa sebuleni na papo hapo kumfungia mlango wa uani, ambako ndiko wenye nyumba wanakoishi.

Mwalimu wake alipata safari ndefu zaidi. Ilanga alipelekwa Cuba, na huko ndiye aliyekuwa mwanafunzi. Kihispania chake hakikuwa cha salamu. Kilikuwa cha darasani, cha chuo cha uganga, na mwishowe cha chumba cha upasuaji, kwa maana alikuwa daktari wa upasuaji wa ubongo kwa watoto. Gharama yake nayo ilikuwa kubwa: kwa miaka karibu 40 hakuwa na mawasiliano na jamaa zake. Alifariki huko Cuba mwaka 2005. Katika watu wawili waliokaa pamoja wakifundishana maneno, mkubwa aliliacha somo katikati, na mdogo akalimaliza lote, kwa sababu mkubwa alikuwa na lugha nyingine ya kutegemea na mdogo hakuwa nayo.

Yafaa kutazama kidogo somo lenyewe, maana wengi hudhani kwamba mwanafunzi wa mwanzo ni chombo kitupu kingojacho kutiwa maji. Msemaji wa Kiswahili akianza Kihispania hukuta vokali tano zile zile, a, e, i, o, u, nazo hazibadiliki hovyo. Hukuta kwamba neno liishialo kwa vokali kwa kawaida hukazwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, kama alivyozoea. Hukuta *mesa*, *bandera* na *vino*, akawatambua kuwa ni jamaa za maneno yake mwenyewe. Hukuta *azúcar*, ambalo pamoja na sukari yalitoka katika Kiarabu. Hukuta pia kwamba sifa sharti ilingane na jina, jambo ambalo halimshangazi mtu asemaye mti mweupe, kiti cheupe na nyumba nyeupe.

Ugumu nao upo. Kiswahili humweka mtendaji mwanzoni mwa kitenzi: nasema, wasema, asema, Kihispania humweka mwishoni: *hablo*, *hablas*, *habla*. Ulimi usiotofautisha *r* fupi na *r* ndefu utasema *pero*, yaani lakini, mahali palipotakiwa *perro*, yaani mbwa. Kisha kuna vitenzi viwili vya kuwa. Mswahili hutenga "Juan ni mganga" na "Juan yuko Havana", na Mhispania naye hutenga *Juan es médico* na *Juan está en La Habana*. Mwanafunzi hufurahi akidhani ameumaliza mlango huo. Lakini akitaka kusema "Juan ni mgonjwa" hukuta kwamba Kihispania hutumia *está*, kwa kuwa ugonjwa huhesabiwa kuwa ni hali, nayo hali huweza kupita. Hapo lugha yake ya kwanza, iliyomsaidia hatua mbili, humwangusha hatua ya tatu. Halafu huja jinsi: kila jina la Kihispania ni la kiume au la kike, hata likiwa ni jina la meza. Msemaji wa Kiswahili hana budi kulizoea jambo hilo polepole, maana ngeli zake hazikugawanywa kwa uume na uke.

Hata hivyo wako watoto katika Tanzania ambao jambo hilo la jinsi lisingekuwa geni kwao. Mmoja ni mtoto wa Kiiraqw wa Basotu, kwa sababu katika lugha ya mama yake majina yamegawanyika kwa jinsi: ya kiume, ya kike, na ya tatu isiyo ya hizo mbili. Mtoto huyo angekifikia Kihispania akiwa na akiba ambayo mwenziwe wa pwani hana. Lakini Basotu haijulikani kwa akiba yake ya lugha. Historia yake ya kuanza lugha za wengine inastahili kuelezwa kwa urefu zaidi, kwa sababu humo ndimo linamoonekana vizuri lile lililoonekana katika Kongo kwa miezi michache tu.

Basotu iko katika wilaya ya Hanang, mkoa wa Manyara, magharibi ya mlima Hanang ambao kimo chake hupita mita 3,400. Kuna ziwa la maji matamu lenye jina hilo hilo, na tambarare pana yenye majani mema. Nchi hiyo na majirani zake ni mahali pa nadra katika Afrika nzima, kwa kuwa lugha za asili mbalimbali kabisa hukutana hapo karibu karibu. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Kidatooga, ambacho husemwa na Wabarabaig na jamaa zao, ni cha Waniloti wa Kusini. Kinyiramba na Kinyaturu, upande wa Singida, ni za Kibantu. Kihadza, upande wa ziwa Eyasi, hakina ndugu anayejulikana kwa hakika. Mtu atembeaye siku chache kwa miguu katika pande hizo hupita katika lugha ambazo hazikaribiani zaidi ya Kihispania na Kiarabu.

Watu wa nchi hiyo hawakungoja shule ili kujifunza lugha. Wadatooga walikuwa zamani katika nyanda za juu za Ngorongoro, na katika karne ya 19 Wamasai waliwasukuma kusini. Wairaqw kwa upande wao walikuwa na kiini cha nchi yao, Irqwar Da'aw, katika milima ya Mbulu, na katika karne ya 20 walienea pande zote, hata kusini kuelekea Hanang. Makabila hayo mawili yalipigana na kupatana, yakaoana, yakapeana mifugo, na watu wengi walihama kutoka kabila moja kuingia la pili. Ziko koo za Kiiraqw ambazo asili yake ni ya Kidatooga. Wataalamu wa lugha wameonyesha kwamba Kiiraqw kilipokea maneno mengi ya Kidatooga. Hiyo ni dalili kwamba palikuwa na wakati ambapo Wairaqw wengi walikuwa wanafunzi wa lugha ya jirani zao. Baadaye, Wairaqw walipozidi kwa wingi, Wadatooga wengi nao walijifunza Kiiraqw. Mzigo ulihama begani mwa huyu ukaenda begani mwa yule. Haukuwa sawa kila siku, lakini haukukaa upande mmoja milele.

Tena katika Wadatooga wenyewe upo mwanzo mwingine wa lugha, ambao wageni waliuchelewa kuuona. Mwanamke aolewapo hana ruhusa ya kutamka jina la baba mkwe wake wala majina ya wakwe wengine walio wakubwa. Marufuku hiyo haiishii katika majina. Hata maneno ya kawaida yenye sauti iliyo karibu na majina hayo huepukwa, na mahali pake hutumiwa maneno mengine yaliyowekwa kwa kazi hiyo. Bibi arusi huingia nyumbani kwa mumewe akiijua lugha ya Kidatooga tangu utoto, na papo hapo huwa mwanafunzi upya, akijifunza kutoka kwa wanawake waliomtangulia namna ya kutaja mambo ya kila siku bila kukosa adabu. Kwa hiyo katika jamii hiyo kuanza lugha si jambo la watoto wala la wajinga. Ni sehemu ya heshima, na walimu wake ni wanawake.

Kiswahili kilipofika kilikuwa na sura nyingine. Wadachi walikitumia katika utawala wao, na Waingereza, waliotwaa nchi katika vita vya kwanza vya dunia, wakaendelea nacho. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki, na Kiswahili cha Unguja kikafanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Kazi hiyo ilikuwa na faida kubwa, kwa maana iliziwezesha nchi nyingi kusoma kitabu kimoja. Lakini kwa mfugaji wa Basotu, Kiswahili cha kitabu kilikuwa lugha ya bahari iliyopandishwa mlimani. Kilikuwa na maneno ya kutosha ya jahazi na mnazi, na kilikuwa maskini katika rangi za ng'ombe na namna za malisho. Hata majina ya wenyeji kilikuwa kimeyapokea kutoka kwa wengine. Wadatooga waliitwa Mang'ati, neno la Kimasai lenye maana ya adui. Wairaqw waliitwa Wambulu, kwa jina la mahali. Mtu aliyeanza Kiswahili katika nchi hiyo alianza kwa kujifunza kwamba yeye siye yule aliyedhani kuwa ndiye.

Baada ya Uhuru mwaka 1961 Kiswahili kilipata nguvu mpya, na safari hii kwa ahadi ya usawa. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa maelezo yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wakati huo watu wazima wengi wa Tanzania hawakujua kusoma. Katika muda wa miaka 10 hivi wengi wao walikuwa wamejifunza. Hilo ni jambo kubwa, na hapana budi lihesabiwe. Ila katika darasa la watu wazima wanafunzi hawakuwa na kazi ya namna moja. Mzaramo alijifunza kuandika lugha aliyokwisha kuisikia tangu utoto. Mzee wa Kidatooga alijifunza herufi na lugha kwa pamoja. Wote wawili waliitwa kwa jina moja, wasiojua kusoma, ingawa wa pili alikuwa na lugha mbili au tatu kichwani ambazo mwalimu wake hakuwa nazo.

Katika miaka hiyo hiyo tambarare ya Basotu ilipata wageni wengine. Tangu kuanza kwa miaka ya 1970 Serikali, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha kilimo kikubwa cha ngano chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO. Yalifanywa mashamba saba, kila moja la ekari karibu 10,000: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gidagamowd, Waret na Gawal. Majina mengi ya mashamba yalibaki ya wenyeji, ilhali nchi yenyewe iliwatoka mikononi. Palipolimwa ndipo palipokuwa na malisho bora ambayo Wabarabaig huyaita *muhajega*, na ambayo kwa desturi yao hayakutumiwa mwaka mzima. Kila majira yalikuwa na malisho yake, na nchi ilipumzishwa kwa zamu. Mgeni aliyeyaona hayana ng'ombe katika mwezi fulani alidhani hayana mwenyewe. Palikuwako pia makaburi ya wazee mashuhuri, ambao huzikwa kwa maombolezo makubwa yaitwayo *bung'ed*, na baadhi ya makaburi hayo yalipitiwa na majembe ya trekta. Kila moja ya mambo hayo lilikuwa na jina lake, na jina hilo lilikuwa ndilo hati yake. Lakini liliandikwa katika lugha ambayo hakuna mpimaji wala mtaalamu wa ngano aliyelazimika kuianza.

Shauri lilifika mahakamani. Baraza la kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji 67 waliishtaki NAFCO, na mwaka 1984 Mahakama Kuu, Arusha, iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo. Ilisema kwamba kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi ile kwa mujibu wa sheria. Tena kwamba wanakijiji hawakuthibitisha kuwa wao ni "wenyeji" kwa maana ya sheria ya ardhi. Sheria hiyo ilikuwa ya mwaka 1923, iliyorekebishwa mwaka 1928 ili kuzikinga haki za wenyeji watumiao ardhi kwa desturi zao. Iliandikwa kwa Kiingereza, na neno la kugombewa lilikuwa la Kiingereza. Ushahidi wa mzee asiyejua ila Kidatooga ulikuwa hauna budi kupita kwa mkalimani, kisha kuandikwa na jaji kwa Kiingereza. Haiwezi kusemwa kwamba haki ilipotea kwa sababu ya lugha peke yake. Sheria ilikuwa na masharti yake, na hoja za pande zote mbili zilikuwa na uzito. Lakini yatosha kutazama njia yenyewe. Mtu aliyezaliwa katika tambarare ile alitakiwa kuthibitisha kuwa ni mwenyeji wake katika lugha aliyokuwa mgeni kwayo.

Hapo ndipo habari ya Kongo na habari ya Basotu zinapokutana. Kifaransa katika milima ya Kongo, na Kiingereza katika mashamba na mahakama, vilifanya kazi moja: viliwawezesha wenye amri kuelewana wao kwa wao, wakaona kwamba wameelewana na watu wote. Tofauti ni kwamba Guevara aliliona kosa hilo mwenyewe, akaliandika. Katika Basotu gharama haikumwangukia aliyekataa kujifunza. Ilimwangukia aliyekuwa amekwisha kujifunza lugha ya jirani, kisha lugha ya Taifa, akakuta kwamba bado amebakiwa na moja.

Mambo hayakusimama hapo. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za Tanzania. Hatua moja katika ile ngazi ya mzee wa Basotu imeondolewa, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Hatua iliyobaki ni ile ya kwanza, kutoka Kidatooga au Kiiraqw mpaka Kiswahili, nayo huchukuliwa na upande mmoja tu. Mtoto hufika shuleni siku ya kwanza akiwa na toni zibadilishazo maana ya neno, akiwa na jinsi za majina au namna nyingi za kufanya wingi, akiwa amemsikia mama yake akiepuka jina la babu yake kwa ufundi. Kisha huhesabiwa kuwa hajui kitu, kwa sababu hajui kusema "shikamoo" kwa lafudhi ya kitabu.

Siku mtoto huyo atakapofungua kitabu cha kwanza cha Kihispania, itakuwa ni lugha yake ya nne au ya tano. Meza ataikuta pale, na bendera, na sukari. Jinsi ya majina haitamshangaza, ikiwa mama yake ni Mwiraqw. Ataitwa mwanafunzi wa mwanzo, na kwa kitabu hicho ni kweli. Kwa kazi yenyewe ya kuanza lugha za watu wengine, yeye ni mzoefu kuliko wengi wa walimu wake, kwa maana katika nchi yake imekuwa kazi ya kila kizazi.